Marejeo Hewa: Cheti cha Warsha Hakimfanyi Mtu Kuwa Mtafiti

Watanzania tunawafahamu wafanyakazi hewa. Serikali ilipoanza kuwasaka katika orodha za mishahara mwaka 2016, tulijifunza kwamba jina linaweza kuandikwa kwa unadhifu, likapewa namba, cheo na kituo cha kazi, likalipwa kila mwezi, na asiwepo mtu yeyote nyuma yake. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Leo nataka kuwazungumzia ndugu wa wafanyakazi hao, waliohamia vyuoni bila mtu kuwasaka. Nawaita marejeo hewa.

Muhula uliopita nilisoma ripoti ya utafiti ya mwanachuo wa mwaka wa tatu kuhusu wakulima wa kahawa wa Kibosho. Ilipendeza machoni: majedwali yamenyooka, lugha imepigwa pasi, orodha ya marejeo inajaza kurasa nne. Nikachagua marejeo sita nikayatafuta. Mawili niliyapata. La tatu lilikuwapo, ila lilihusu kahawa ya Colombia na halikusema lolote kati ya yale liliyodaiwa kusema. Matatu yaliyobaki hayakuwahi kuandikwa na binadamu yeyote. Yalikuwa na jina la mwandishi, mwaka, jarida, toleo na namba za kurasa, kama mtumishi mwenye cheo na kituo cha kazi asiyeonekana kazini.

Nilipomwita, kijana hakukana. Alisema kwa upole, “Mwalimu, mahojiano na wakulima niliyafanya mwenyewe. Marejeo nilisaidiwa steshenari.” Na huko steshenari, kama tulivyokuja kubaini, waliyaomba kwa programu ya akili unde, nayo ikawatungia. Nikamwuliza kama hakuwahi kuhudhuria warsha ya maktaba kuhusu stadi za utafiti. Akafungua begi, akatoa cheti kilichowekwa ndani ya plastiki, chenye nembo na sahihi mbili.

Cheti kile ndicho kilichonifanya niandike. Laiti kijana angekuwa hakufundishwa, tungesema chuo kilipitiwa. Lakini chuo kimeandika, kwa nembo yake, kwamba kijana huyu amefundishwa kutafuta maarifa, kuyapima na kuyataja yalikotoka. Hivyo orodha ya marejeo ilikuwa hewa, na cheti kilichomtambulisha mwenye orodha hiyo kilikuwa hewa pia. Cha kwanza tunakiita udanganyifu wa mwanafunzi. Cha pili tukiiteje?

Nieleweke mapema. Sizipingi warsha za maktaba. Nazililia. Katika vyuo vyetu vingi hicho ndicho kipindi pekee ambapo mwanachuo anaambiwa waziwazi jinsi maarifa yanavyotafutwa. Ninachokipinga ni kuzigeuza kuwa sherehe. Kila aliyepita chuoni anazijua. Ukumbi wa mihadhara una watu mia tatu na projekta moja. Mkutubi, ambaye kwa jambo hili ndiye mjuzi kuliko sote tuliomo ukumbini, amepewa saa mbili, na moja imeshaliwa na ufunguzi: mgeni rasmi, utambulisho, nasaha, picha ya pamoja. Katika saa iliyobaki anakimbia: bonyeza hapa, ingiza nywila hapa, chagua hapa. Mtandao unakatika. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, na mkono mmoja unasaini kwa niaba ya wanne. Chai inakuja. Hakuna mwanachuo hata mmoja aliyegusa kibonyezo cha kompyuta. Wiki moja baadaye ripoti inapelekwa juu kwamba wanachuo mia tatu wamejengewa uwezo.

Hakuna mkulima wa mteremko huu aliyejifunza kupogoa mibuni kwa kuonyeshwa picha ya mkasi. Anapelekwa shambani, anapewa mkasi, anakata tawi lisilofaa, anasahihishwa, anakata tena. Tunalijua hilo kwa kahawa, kwa useremala na kwa upasuaji. Kwa nini tunalisahau inapofika zamu ya utafiti? Nadhani ni kwa sababu hatuamini kwamba utafiti wa mwanachuo una uzito wowote. Tunauona kama masharti ya kuhitimu, karatasi ya kufunga jalada. Ningekubali haya kama gharama yake ingebaki ndani ya kuta za chuo. Haibaki, na mifano mitatu kutoka papa hapa Kilimanjaro inatosha kuonyesha.

Wa kwanza unahusu homa. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji wa Moshi, yaani KCMC na Mawenzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases. Wagonjwa 528, zaidi ya nusu, walikuwa wameandikiwa kwamba wanaugua malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, wale ambao homa yao kweli ilitokana na malaria walikuwa 14. Wagonjwa 118 walikutwa na maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, na kati yao 40 walikuwa na leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine.

Miaka tisa baada ya makala hiyo, Julai 2022, nchi ilishtushwa na habari za ugonjwa usiofahamika mkoani Lindi. Wizara ilipotangaza kwamba ni leptospirosisi, ukapewa jina la homa ya mgunda, na mitaani ukazungumzwa kana kwamba umeshuka jana kutoka mbinguni. Lakini ulikuwa umekwisha kuandikwa, kwa tarakimu, kutokana na damu ya wagonjwa wa Moshi, katika jarida ambalo mtu yeyote mwenye simu na bando analisoma bure. Hakuna nywila, hakuna malipo. Nawauliza wenzangu: kati ya wahitimu tunaowapeleka kila mwaka kwenye zahanati, halmashauri na vyumba vya habari, ni wangapi wanaoweza kuifikia makala hiyo kwa dakika kumi? Na wakiifikia, ni wangapi watakaoisoma vizuri?

Maana kuifikia ni nusu tu ya stadi. Msomaji mwenye pupa atatoka na kauli kwamba malaria ni uongo wa waganga. Msomaji aliyefundishwa atauliza kwanza: waliopimwa ni akina nani? Ni watu waliolazwa, si kila mwenye homa. Walipimwa wapi? Moshi, si Kigoma wala Geita, ambako malaria ina nguvu nyingine kabisa. Lini? Zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita. Kisha atatoka na hitimisho dogo lakini imara: kwamba hapa kwetu, katika miaka ile, kumwandikia malaria kila mwenye homa kulikuwa kunaficha magonjwa mengine yanayotibika. Hitimisho kama hilo linaokoa mgonjwa. Warsha ya kubonyeza hapa na pale haimfikishi mtu huko.

Mfano wa pili uko juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walichapisha katika jarida la Science kwamba eneo la barafu ya Kilimanjaro lilikuwa limepungua kwa asilimia 80 hivi tangu mwaka 1912, na kwamba kama hali ingeendelea vile, barafu hiyo ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Kauli hiyo ilizunguka dunia nzima. Nimekwisha kusoma kazi za wanachuo, zilizoandikwa baada ya mwaka 2020, zinazosema bila kusita kwamba barafu ya Kilimanjaro imekwisha. Ziliandikwa Moshi. Mwandishi angeinua macho asubuhi moja isiyo na mawingu, angeiona Kibo ingali na weupe wake.

Simcheki mwanachuo huyo. Amefanya kile tulichomfundisha kwa vitendo: ameiamini karatasi kuliko dirisha. Wala sisemi kwamba Thompson alidanganya. Barafu inapungua kweli. Vipimo vyake vya baadaye vilionyesha upungufu wa asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na mwaka 2022 UNESCO iliitaja Kilimanjaro miongoni mwa maeneo ambayo barafu yake inatarajiwa kutoweka ifikapo 2050. Wapo pia wanasayansi, kama Georg Kaser na wenzake, walioeleza mwaka 2004 kwamba kilichoisukuma barafu hiyo nyuma tangu mwishoni mwa karne ya 19 ni zaidi ukavu wa hewa na upungufu wa mvua na theluji kuliko joto pekee. Huo ni mjadala hai, wenye hoja na vipimo kila upande. Mtu aliyefundishwa utafiti anajua kutofautisha kipimo na utabiri, anajua kuuliza sharti la utabiri lilikuwa nini, na anajua kutafuta ni nani alijibu baadaye. Mtu aliyepewa cheti anajua kunakili sentensi. Kisha tunashangaa kwa nini mijadala yetu ya mazingira, ya maji na ya misitu inaendeshwa kwa sentensi zilizonakiliwa.

Mfano wa tatu unahusu nyaraka. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapa Old Moshi, pamoja na viongozi wengine. Ukoo wake umeamini kwa zaidi ya karne moja kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Septemba 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni wa Prussia, yenye makao Berlin, ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu iliyoyahifadhi na koo zilizo hai za Kilimanjaro. Fuvu moja lilikuwa na neno limeandikwa juu yake: Akida. Likaonekana kuwa la mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo katika tangazo lile.

Tafakari safari ya neno hilo. Ni neno letu, lililoandikwa na mkono wa mgeni juu ya mfupa wa mzee wetu, likakaa kabatini zaidi ya miaka mia moja likingoja mtu wa kuliuliza. Waliouliza mwishowe walilazimika kusoma madaftari ya makumbusho, barua za maofisa na orodha za shehena, kisha kuyalinganisha na kumbukumbu za koo na vipimo vya maabara. Huo ndio utafiti. Kijana wa Old Moshi anayetaka kuendelea na kazi hiyo anahitaji kujua jinsi nyaraka zinavyopangwa, jinsi ya kuandika maombi ya kuziona, jinsi ya kusoma waraka ulioandikwa na adui bila kuupokea kama ulivyo, na jinsi ya kuweka simulizi ya bibi yake kando ya waraka huo ili kila kimoja kikihoji kingine. Ni warsha ya saa ngapi itakayompa hayo, ikiwa saa ya kwanza ni ya mgeni rasmi?

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimeyasikia vikaoni.

Litakuja la fedha: kwamba sisi ni maskini na majarida ya kimataifa ni ghali. Ghali ni kweli. Lakini tangu mwaka 2002 ulipo mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, na baadaye mipango ndugu ya kilimo, mazingira na fani nyingine, ambayo leo yote inajulikana kama Research4Life. Nchi yetu imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata maelfu ya majarida hayo bila malipo. Mlango uko wazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na anayeufahamu zaidi ni mkutubi, yule yule tuliyempa saa moja. Ufukara wa fedha upo, lakini tusiutumie kuficha ufukara mwingine ambao ni wa mipango yetu wenyewe.

Litakuja la uvivu: kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Kijana niliyemtaja alipanda Kibosho mara saba, wakati wa masika, kwa nauli yake, kuwahoji wakulima. Mvivu hafanyi hivyo. Alipofika kwenye kazi ambayo hakuwahi kuifanya mbele ya mwalimu, alikwenda kuinunua. Na tuwe wakweli kuhusu sisi wahadhiri. Wapo miongoni mwetu wanaosimamia wanachuo thelathini na kusaini kazi ambazo hawajazisoma. Wapo wanaopeleka makala zao katika majarida ya kulipia, ambayo ukituma Jumatatu yanakukubali Alhamisi, kwa kuwa kupanda cheo kunahesabu idadi. Mwanachuo anatuona. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa msomi hewa atakuwa nani?

Litakuja la akili unde: kwamba mashine sasa inatafuta, inasoma na inaandika, hivyo stadi hizi zimepitwa na wakati. Kinyume chake ndicho kweli. Zamani mwongo alilazimika kujua jambo kidogo ili adanganye vizuri. Sasa uongo wenye namba za kurasa unapatikana kwa sekunde tano. Katika hali hiyo thamani imehamia kwa mtu anayeweza kusema: hebu tuitafute makala hii, tuone kama ipo, na kama inasema hivyo. Hata mwenye kuitumia mashine kwa faida ni yule anayeweza kuisahihisha.

Litakuja hatimaye jibu la lugha, au tuseme ukimya wa lugha, maana hili halisemwi. Warsha zetu huendeshwa kwa Kiingereza mbele ya vijana ambao wengi wao hufikiri, hubishana na huuliza maswali makali kwa Kiswahili. Ndiyo maana ukumbi unakuwa kimya mkutubi anaposema, “Any questions?”, na maswali yote yanaibuka nje, kwenye foleni ya chai. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote. Majarida mengi yataendelea kuwa ya Kiingereza, na mwanachuo lazima ayasome. Lakini stadi ya kushuku, kulinganisha na kupima haina sababu ya kufundishwa kwa lugha inayomfanya mtu aone haya kuuliza. Tuna maneno: ikisiri, sampuli, kanzidata, marejeo, nadharia. Tuyatumie.

Sasa niseme lililo la kisiasa, kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo watumishi wa umma na wanaharakati. Mwaka 2018 Bunge liliirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na kuweka adhabu ya faini au kifungo kwa atakayetangaza takwimu za kupotosha au kukanusha takwimu rasmi. Wengi tulipiga kelele, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena. Tulishinda, na tulistahili. Lakini nimejiuliza tangu siku ile: uhuru huo tumeutumiaje? Haki ya kuihoji takwimu ya Serikali ina maana gani kwa mtu asiyejua takwimu inavyopatikana? Tulipigania ufunguo, tukaupata, tukauning'iniza ukutani.

Pande zote mbili zinaumwa ugonjwa huu. Ofisa wa halmashauri anaandika andiko la mradi wa maji akinakili takwimu za wilaya nyingine na kubadilisha majina ya vijiji. Mwanaharakati anasimama jukwaani na asilimia aliyoiokota katika kundi la WhatsApp. Mwandishi wa habari anawanukuu wote wawili. Wanabishana kwa sauti kubwa na hakuna mmoja wao anayeweza kuonyesha kauli yake ilikotoka. Katika ubishi wa namna hiyo, mwenye nguvu hushinda daima, kwa sababu hoja ikikosa uzito kinachobaki ni cheo. Mnyonge ndiye anayehitaji ushahidi kuliko wote. Ndiyo maana nasema kwamba kumnyima mtoto wa mkulima stadi ya utafiti ni kumnyima silaha yake pekee, na kumpa cheti mahali pa stadi hiyo ni kumdhihaki.

Tufanyeje basi? Wazee wa mlima huu walituachia funzo ambalo bado linaonekana kwa macho. Walichimba mifongo, wakayatoa maji kwenye mito ya msituni na kuyashusha kwa mkono na jicho tu hadi vihambani. Mfongo ulikuwa na wenyewe, ulikuwa na zamu za maji, na ulikuwa na siku za kwenda wote kuusafisha. Asiyefika alitozwa. Hakuna aliyefungua maji siku moja, akapiga picha, akaondoka akisema amemwagilia. Nataka maktaba zetu ziendeshwe kwa akili hiyo.

Kwanza, stadi za utafiti ziwe somo lenye alama, la muhula mzima katika mwaka wa kwanza, na zirudiwe mwaka wa tatu mwanachuo anapoanza utafiti wake. Mkutubi alifundishe akiwa mwalimu kamili, mwenye sauti katika baraza la mitihani, asihesabiwe kama mtunza funguo.

Pili, vikundi viwe vidogo, kila mtu na kompyuta au simu yake, na kila mtu na swali lake la kweli. Mwanachuo wa ushirika aingie na swali la bei ya kahawa kijijini kwao, wa uuguzi aingie na swali la homa, wa ualimu na swali la wasichana wanaoacha shule. Mtihani wake uwe rahisi kuueleza na mgumu kuufanya: chukua kauli moja inayozagaa, ifuate hadi chanzo chake, kisha utuambie ilibadilika wapi njiani.

Tatu, wahadhiri nao waketi darasani. Msimamizi asiyejua kufungua kanzidata hawezi kumsimamia anayeitafuta. Na anayesaini kazi ya mwanachuo athibitishe kwa sahihi kwamba ameyakagua marejeo yake, japo matano kwa kuyabahatisha. Marejeo hewa yakibainika, asiadhibiwe mwanachuo peke yake.

Nne, kazi nzuri za wanachuo zitolewe kwenye rafu zinakoota vumbi. Ziwekwe katika hifadhi ya mtandaoni iliyo wazi, na kurasa mbili za Kiswahili chepesi zirudishwe kwa watu waliohojiwa. Wakulima wetu wamejibu madodoso kwa miaka mingi bila kuambiwa majibu yao yalisema nini. Nao ni wenye mali.

Tano, milango ya maktaba za vyuo ifunguliwe Jumamosi kwa walimu wa sekondari, maofisa ugani, waganga wa zahanati na waandishi wa habari wa mkoa. Kodi yao imo ndani ya majengo haya, moja kwa moja au kwa mkopo wa mtoto wa jirani yao.

Hakuna hata moja katika haya linalosubiri mfadhili. Mengi yanasubiri ratiba, na ratiba huandikwa na sisi wenyewe.

Nimalizie na kijana wangu. Kanuni ziliniruhusu kumpa sifuri na kufunga jalada. Badala yake nilimwomba mkutubi mmoja atupe alasiri tatu, tukaketi watu watatu mbele ya kompyuta moja. Kurasa nne za marejeo zikawa ukurasa mmoja wenye marejeo kumi na moja, na yote ameyasoma. Katika alasiri ya pili aligundua kwamba sentensi ya kwanza kabisa ya ripoti yake, iliyosema kwamba ushirika wa kahawa uliletwa Kilimanjaro na Serikali, haikuwa sahihi. Alisoma kuhusu chama cha wakulima cha KNPA cha mwaka 1925, jinsi wakulima wa Kichagga walivyojiunga kulinda kahawa yao, wakitiwa moyo na ofisa mmoja wa kikoloni, Charles Dundas, huku walowezi wengi wakipinga Mwafrika kulima zao hilo. Kisha akasoma jinsi utawala wa kikoloni ulivyokiunda upya chama hicho hadi kikawa KNCU mwaka 1933. Alinyamaza kidogo, akaifuta sentensi yake, akaandika nyingine. Kutokana na sentensi ile mpya, sura nzima ya tatu ikabidi iandikwe upya, kwa kuwa sasa alikuwa na swali ambalo hakuwa nalo awali: kama wakulima ndio walioanza, ni lini na kwa njia gani waligeuka kuwa wasikilizaji katika chama chao wenyewe?

Hilo ni swali la mtafiti. Limepatikana kwa alasiri tatu na mkutubi mmoja.

Siku ya mwisho, akikusanya karatasi zake, aliniuliza, “Mwalimu, mbona hatukufundishwa hivi tangu mwaka wa kwanza?” Sikuwa na jibu la kumpa. Nimelileta swali lake hapa, kwa wale wanaoandika ratiba, wanaopitisha mitaala na wanaosaini vyeti. Wamjibu.